Kabla ya kupakia mzigo jahazini, tazama bomba la moshi

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

MFANYABIASHARA anayesafirisha mzigo kwa jahazi kutoka Tanga kwenda Mombasa, au kutoka Mombasa kwenda Pemba, ana maswali yake ya kawaida gatini. Nauli ya gunia ni kiasi gani? Chombo kinang'oa nanga lini? Turubai lipo? Nahodha ni nani, na njia hii anaijua kiasi gani? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza moshi wa injini unapitia wapi.

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Majahazi yanayobeba bidhaa kati ya bandari ndogo za mwambao wa Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar bado yana mlingoti na tanga, lakini siku hizi mengi hayategemei upepo peke yake. Chini ya sitaha, upande wa tezi, imefungwa injini ya dizeli, na si ajabu ikawa injini iliyoanza maisha yake ndani ya lori. Fundi ameifungia shafti na propela, akaitafutia maji ya kuipoza, kisha akabaki na kazi ya mwisho ambayo mara nyingi hufanywa kwa haraka: kuutoa moshi nje.

Kwenye lori, bomba la ekzosi hupita chini ya chasisi, hewani, likipulizwa na upepo safari nzima. Ndani ya jahazi, bomba hilohilo limo katika chumba kidogo cha mbao kisicho na upepo. Juu yake kuna sitaha ya mbao, pembeni kuna mataruma ya mbao, na katika viungo vya mbao hizo fundi wa kalafati amejaza pamba iliyolowa mafuta. Hatua chache mbele yake ndipo ulipo mzigo.

Joto lenyewe si la kufanyia mzaha. Moshi unaotoka kwenye injini ya dizeli inayofanya kazi kwa nguvu huwa na joto la nyuzi 400 hadi 600 za Selsiasi pale karibu na injini. Dizeli ikirukia chuma chenye joto la zaidi ya nyuzi 220 inaweza kuwaka bila cheche wala kiberiti. Ndiyo sababu mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kama SOLAS, unaagiza kwamba sehemu yoyote ya mitambo yenye joto linalozidi nyuzi 220, ambayo mafuta yanaweza kuirukia bomba la mafuta likipasuka, ifunikwe kwa kizuizi cha joto. Baraza la Boti na Yoti la Marekani, ABYC, ambalo huandika viwango vya vyombo vidogo, limeshuka chini zaidi: bomba au chuma kinachopita nyuzi 93 na ambacho mtu anaweza kukigusa lazima kifunikwe au kiwekewe kinga.

Mafuta yenyewe hayako mbali. Mpira mmoja wa kurudishia dizeli ukichakaa kwa mtikisiko wa injini, au nati ya bomba la nozeli ikilegea, dizeli hutoka kama ukungu na kutua juu ya kilicho karibu. Kama kilicho karibu ni ekzosi tupu, nahodha atajua habari hiyo kwa kuona moshi mweusi ukipanda kutoka kwenye mlango wa injini.

UBAO HAUUNGUI SIKU MOJA

Hatari ya pili ni ya taratibu, na kwa hiyo ni mbaya zaidi. Ubao mzima, mkavu, huhitaji joto la takriban nyuzi 250 hadi 300 kabla ya kushika moto. Nahodha mwenye jahazi ambalo limefanya kazi miaka mitano na ekzosi ileile anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba mbao zake hazijawahi kuwaka.

Lakini ubao unaopashwa joto dogo kuliko hilo, siku baada ya siku, hubadilika ndani kwa ndani. Maji yake huisha, kisha polepole hugeuka mkaa. Mkaa huo huwaka kwa joto la chini kuliko ubao ulivyokuwa siku ya kwanza. Kwa hiyo jahazi lenye bomba lililogusana na mbao halizidi kuwa salama kadiri safari zinavyopita bila ajali. Kila safari inapunguza kidogo kiwango cha joto kinachohitajika ili moto uanze. Siku moja nahodha anasukuma injini kwa nguvu kupambana na mkondo, akiwa na mzigo uleule na bomba lilelile, na ubao unaanza kufuka.

Mahali pa kutazama, basi, ni pale bomba linapotoboa mbao kutoka nje, iwe limepanda juu kupitia sitaha au limetokea ubavuni au tezini. Hapo ndipo kazi nzuri na kazi mbovu hutofautiana, na hata mtu asiye fundi anaweza kuitambua tofauti.

Kwenye kazi mbovu, tundu limekatwa sawasawa na unene wa bomba, bomba limebanwa humo kwa kabari ya mbao ili lisitikisike, na mwanya uliobaki umezibwa kwa lami au matambara. Rangi ya mbao kuzunguka tundu imevimba, imebabuka au imekuwa kahawia iliyokolea.

Kwenye kazi nzuri, tundu ni kubwa kuliko bomba kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Ndani na nje pamepigiliwa sahani ya chuma yenye tundu lake. Bomba limepita katikati bila kugusa ubao, na nafasi iliyobaki imejazwa pamba isiyoungua. Uzito wa bomba umebebwa na vishikio vya chuma vinavyoning'inia, si na kuta za jahazi.

Sababu ya kutolibana bomba ni zaidi ya moto. Chuma kikipata joto hurefuka. Bomba la urefu wa mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 400 huongezeka urefu kwa milimita 14 hivi, karibu na upana wa kidole. Injini nayo inatikisika, na jahazi la mbao linajinyonga mawimbini. Bomba lililokazwa pande zote mbili litapasuka kwenye kiungo, na kiungo hicho aghalabu kiko mahali pasipoonekana. Fundi anayejua kazi huweka kipande cha bomba linalonepa, lenye mikunjo kama kinanda cha mkono, karibu na injini ili kimeze mtikisiko huo.

KUVISHA BOMBA

Kuvisha ekzosi si teknolojia ngeni, na vifaa vyake hupatikana katika miji mikubwa kwa wauza vifaa vya viwandani na vya magari. Cha bei nafuu na kinachotumika zaidi ni utepe wa nyuzi za kioo, ambao huzungushwa kwenye bomba kama bendeji, kila mzunguko ukiufunika uliotangulia kwa sehemu. Huo huvumilia joto la takriban nyuzi 500. Pamba ya mawe inavumilia zaidi kidogo na huja kwa mablanketi au kwa vipande vilivyokatwa kukaa juu ya bomba. Blanketi la seramiki hupita nyuzi 1,000, na hilo linafaa pale karibu kabisa na injini.

Utepe mwembamba peke yake hautoshi kwenye chumba cha mbao. Unapunguza joto, lakini juu yake bado huwezi kuweka mkono. Blanketi la unene wa sentimita 2.5 hadi 5, likifungwa kwa waya na kuvishwa bati au alumini kwa nje, ndilo linalofanya kazi inayotakiwa. Bati hilo la nje si pambo. Pamba iliyo wazi hunyonya mafuta ya injini na dizeli inayodondoka, na pamba iliyolowa mafuta ikizunguka chuma cha moto ni utambi. Moto wa namna hiyo umetokea hata kwenye meli kubwa zenye mainjinia waliosomea, kwa hiyo si jambo la kumcheka fundi wa gatini.

Lipo pia jaribu la kutumia kilicho karibu: magunia yaliyochovywa kwenye saruji, vipande vya tairi, matambara yaliyofungwa kwa waya. Saruji hupasuka kwa mtikisiko ndani ya muda mfupi na kuliacha gunia wazi, na tairi ni mafuta yaliyogandishwa. Afadhali bomba tupu ambalo kila mtu anajua ni la moto kuliko bomba lililovishwa kitu kinachowaka.

Kuna kifaa kingine kinachostahili onyo la peke yake. Kamba nyeupe au ya kijivu ya asbesto, iliyong'olewa kwenye meli kuukuu au kwenye mtambo wa zamani, huvumilia joto vizuri na ndiyo iliyotumika melini kwa miongo mingi. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, na madhara huonekana miaka mingi baada ya mtu kulivuta. SOLAS ilipiga marufuku kuweka asbesto mpya kwenye meli zote zinazohusika na mkataba huo kuanzia Januari 1, 2011. Anayeikuta imechanika kwenye chumba cha injini asiiguse wala asiifagie, na asikubali vitunguu au unga wake upangwe karibu nayo.

Wamiliki wengine hukataa kuvisha bomba kwa hoja yenye ukweli ndani yake: kwamba likifunikwa linaoza upesi. Chumvi na unyevu wa bahari hujificha chini ya utepe, bomba linaliwa na kutu kwa siri, na tundu linajulikana baadaye. Hilo hutokea kweli. Jibu lake ni kutumia bomba zito au la chuma kisichoshika kutu, kuufunika utepe kwa bati lisilopitisha maji ya mawimbi, na kuvivisha viungo kwa vipande vinavyovulika ili fundi avikague. Kuacha bomba uchi si jibu. Na tundu, likitokea, huwa na dalili: masizi meusi juu ya utepe au bati, mahali ambapo moshi haupaswi kuwapo.

Masizi hayo yana maana nyingine kwa mabaharia. Moshi wa injini una hewa ya ukaa ya monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Kijana anayelala juu ya magunia karibu na chumba cha injini usiku wa baridi, huku ekzosi ikivuja, yuko kwenye hatari ambayo pua yake haiwezi kumwonya.

Ipo njia nyingine ya kushinda joto, nayo ni ya kumwagia moshi maji. Yoti nyingi za watalii hutumia mtindo huo: maji ya bahari yaliyokwisha kupoza injini huingizwa ndani ya ekzosi, moshi unashuka hadi joto ambalo bomba la mpira linalihimili, na vyote viwili hutoka nje pamoja. Ni mtindo safi, lakini una masharti. Pampu ikiziba kwa mwani au mfuko wa plastiki, bomba la mpira huyeyuka ndani ya dakika chache. Bomba lisipopandishwa juu ya usawa wa maji kwa umbo la shingo ya bata, maji ya bahari hurudi hadi kwenye silinda wakati jahazi linakwenda kwa tanga na injini imezimwa. Kwa jahazi la mzigo lenye injini ya lori, bomba kavu lililovishwa vizuri ndilo rahisi zaidi kulitunza, ingawa nalo linahitaji shingo hiyohiyo na kifuniko mdomoni.

MZIGO NAO UNA TABIA ZAKE

Mwenye mzigo hana budi kujua pia anachopakia kitaishi vipi na joto. Magodoro ya sponji huyeyuka na kuwaka upesi, na moshi wake ni sumu. Makonge ya Tanga na makuti makavu hayahitaji kubembelezwa. Mbata ina hila zaidi: ikiwa haikukauka vizuri hujipasha joto yenyewe, na kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari baharini zimeiorodhesha katika kundi la vitu vinavyoweza kujiwasha. Kuipanga mbata kwenye ukuta wa chumba cha injini ni kuongeza joto juu ya joto.

Saruji, chumvi na vigae havina neno, na nahodha mwenye busara huvipanga nyuma kabisa, vikawa ukuta kati ya injini na bidhaa nyepesi. Hilo ni ombi ambalo mfanyabiashara anaweza kulitoa wakati wa kupakia bila kumkosea mtu adabu, maana halimgharimu nahodha kitu.

Moto kwenye chombo cha mbao hausubiri mtu. Aprili 2025, kwenye Mto Kongo karibu na Mbandaka, boti ya mbao iliyojaa abiria iliteketea na kupinduka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Chanzo kilichotajwa na maofisa kilikuwa jiko la kupikia, si injini. Lakini waliokuwamo walikabiliwa na uamuzi uleule unaomkabili yeyote aliye katikati ya maji juu ya mbao zinazowaka: kubaki, au kuruka hata kama hajui kuogelea.

Moto ukizimwa na chombo kikapona, hasara haiishii kwa mwenye bidhaa zilizoungua. Desturi ya kale ya biashara ya baharini, ambayo leo imeandikwa katika Kanuni za York-Antwerp, inasema kwamba mzigo uliotupwa kwa makusudi au kuharibiwa na maji ya kuzimia moto, ili kuokoa chombo na mzigo uliobaki, hugawanywa kwa wote walionufaika, kila mmoja kwa thamani ya mali yake. Kwenye meli ya makontena, mawakili na bima hulishughulikia. Kwenye jahazi ambalo mzigo umepakiwa kwa maelewano ya mdomo na jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya gunia, ugomvi huishia gatini, na mara nyingi mwenye sauti ndogo ndiye anayeumia.

SHERIA TATU, BAHARI MOJA

Ofisi za ukaguzi zipo. Kenya ina Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, inayosimamia Sheria ya Meli ya mwaka 2009. Tanzania Bara ina TASAC, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina mamlaka yake, ZMA. Kila moja husajili na kukagua vyombo vya upande wake.

Juu yao, ule mkataba wa SOLAS wenye kanuni ya nyuzi 220 hauwafikii wenye majahazi. Mkataba huo umeziacha nje meli za mizigo zenye ujazo wa chini ya tani 500, na umezitaja pia kwa jina meli za mbao za ujenzi wa kijadi. Jahazi limesamehewa mara mbili. Ni msamaha wenye mantiki, kwa sababu huwezi kumtaka mwenye jahazi la Vanga afunge mitambo ya meli ya mafuta. Lakini moto wa dizeli haujausoma msamaha huo.

Ziwa Victoria lina sheria yake ya usafirishaji iliyopitishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ili Kenya, Uganda na Tanzania zitazame vyombo vya ziwani kwa jicho moja. Mwambao ungefaidika kwa jitihada ya namna hiyo kuhusu majahazi yenye injini, na kanuni ya ekzosi isingezidi ukurasa mmoja: bomba lisiguse ubao, livishwe kisichoungua, lifunikwe bati, lionekane na kukaguliwa.

Kwa sasa mfanyabiashara mdogo ana Cheti Rahisi cha Asili ya Bidhaa, kinachomwezesha kuvusha bidhaa zinazokidhi masharti, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, bila ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya. Cheti hicho kinaeleza bidhaa zimetoka wapi. Kuhusu chombo kilichozibeba hakisemi neno.

Kinachobaki ni macho yake mwenyewe, na dakika kumi kabla ya wachukuzi kuanza kazi. Aombe kuona chumba cha injini. Injini ikiwa imenguruma kwa muda, asiguse kitu, ila adondoshe tone la maji juu ya kifuniko cha nje cha bomba: likichemka papo hapo, joto la nje limepita nyuzi 100 na kifuniko hakitoshi. Atazame tundu la kutokea bomba na rangi ya mbao zake. Atazame kama chini ya injini kuna dizeli inayoelea. Aulize kizima moto kiko wapi, na kama kiko ndani ya chumba cha injini chenyewe aombe kihamishiwe nje ya mlango, maana huko ndani hakuna atakayekifikia.

Nahodha akiona kwamba wateja watatu wanauliza jambo hilohilo kwa wiki moja, atalisikia haraka kuliko barua ya mkaguzi. Wapo pia wafanyabiashara wenye safari za mara kwa mara ambao wanaweza kukubaliana na mwenye chombo wachangie blanketi na bati, kisha wakatwe kwenye nauli za safari zinazofuata. Bei ya vifaa hivyo haifiki mbali ukiilinganisha na shehena moja ya magodoro.

Wakati mzuri wa kazi hiyo ni jahazi linapopandishwa pwani, kipindi cha mvua za masika na kusi kali, mafundi wakiwa tayari wanapiga kalafati na kubadilisha mbao. Bomba livuliwe lote. Ubao uliozunguka tundu ukwanguliwe kwa ncha ya kisu: ukitoa unga mweusi badala ya ukumbi wa mbao, ukatwe hadi kufikia mti mzima, tundu lipanuliwe, na sahani ya chuma ipigiliwe kabla bomba halijarudi.